MGB na kiwanda cha Abingdon: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naishi Uingereza, mwendo wa nusu saa kutoka Abingdon, mji ambako magari ya michezo ya MG yalitengenezwa, na ninalo moja, MGB GT ya mwaka 1972. Kila nikisimama kujaza mafuta mtu hunisogelea na swali. Nikienda nyumbani Mombasa na kuonyesha picha, shemeji na wapwa huuliza yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa.

MG ni kifupi cha nini?

Morris Garages. Jina halina siri yoyote zaidi ya hiyo: ni gereji za bwana Morris, mjini Oxford.

William Morris alianza kama fundi baiskeli. Alikuwa kijana wa miaka 16 hivi, ana mtaji wa pauni 4, akitengenezea baiskeli nyumbani kwa wazazi wake. Kutoka baiskeli akaingia kwenye pikipiki, kutoka pikipiki kwenye magari, na mwaka 1913 akatoa gari lake la kwanza, Morris Oxford. Kiwanda kilikuwa Cowley, pembeni mwa mji, na biashara ya kuuza na kutengeneza magari pale mjini ndiyo iliyoitwa Morris Garages. Kwa hiyo MG haikuzaliwa kiwandani. Ilizaliwa dukani, kwa watu waliokuwa wakikutana na wateja kila siku na kusikia wanachokitamani.

Basi aliyeianzisha MG ni Morris?

Jina na fedha vilikuwa vya Morris. Ndoto ilikuwa ya Cecil Kimber.

Kimber alikabidhiwa umeneja wa Morris Garages mwaka 1922. Aliona kwamba ukichukua Morris ya kawaida, ukaishusha chini kidogo, ukaipa bodi nyepesi yenye umbo zuri na kuichokonoa injini, unapata gari ambalo kijana mwenye mshahara wa wastani atalipenda na ataliweza. Hilo ndilo wazo lote la MG, na lilidumu kwa zaidi ya miaka 50: vyuma vya gari la kawaida, vikipangwa na watu wanaojali namna gari linavyoendeshwa. Ukilishika hilo, mengine yote katika historia hii utayaelewa.

Mwaka 1928 wakatoa M-type Midget, kigari kidogo chenye injini ya sisi (cc) 847 kutoka Morris Minor ya wakati huo. Mwaka 1929 wakahamia Abingdon, kwenye majengo yaliyokuwa sehemu ya kiwanda cha ngozi, na mwaka 1930 MG ikasajiliwa kuwa kampuni. Mwaka 1933 Tazio Nuvolari, dereva wa Kiitaliano ambaye wengi humhesabu miongoni mwa wakubwa wa zama zote, alishinda mashindano ya Tourist Trophy kule Ulster akiwa ndani ya MG K3.

Mwisho wa Kimber unanihuzunisha kila nikiusimulia. Mwaka 1935 Morris aliihamishia MG ndani ya Morris Motors, na idara ya mashindano ikafungwa. Mwaka 1941, katikati ya vita, Kimber alipokea kazi ya kutengeneza sehemu za ndege bila idhini ya wakubwa wake, wakamwondoa. Tarehe 4 Februari 1945 alipanda treni stesheni ya King's Cross, London. Treni ikashindwa kupanda mlima ndani ya handaki, ikarudi nyuma na kupata ajali. Watu wawili walikufa, mmoja wao Kimber. Hakuishi kuona magari yake yakipendwa dunia nzima.

Kabla ya MGB walitengeneza nini?

Mengi, ila mawili ndiyo ya kukumbuka. TC, ya 1945 hadi 1949, ilitengenezwa kama 10,000. Kwa sura ilikuwa gari la kabla ya vita: matairi membamba, taa zimesimama nje kama macho ya chura, milango inafunguka kwa nyuma. Takriban 2,000 zilikwenda Marekani, ingawa hakuna hata moja iliyotengenezwa na usukani wa kushoto. Wamarekani walizinunua hivyohivyo. Hapo Abingdon wakagundua soko lao liko ng'ambo ya bahari.

Kisha ikaja MGA mwaka 1955, yenye bodi ya mviringo iliyopangiliwa vizuri, na ikapita 100,000. Wakati huo kampuni za Morris na Austin zilikuwa zimeshaungana (1952) kuwa BMC, yaani British Motor Corporation.

MGB ilileta upya gani mwaka 1962?

MGA ilikuwa bado inajengwa kwa mtindo wa zamani: chasisi chini, bodi juu yake. MGB, iliyotoka Septemba 1962, bodi yake ndiyo chasisi. Vipande vya bati vimechomelewa pamoja vikawa sanduku moja lenye nguvu. Faida yake utaiona ukikaa ndani. MGB ni fupi kuliko MGA kwa sentimita 7 hivi, lakini nafasi ya miguu, mabega na mizigo ni kubwa zaidi. Mtu mrefu anakaa bila kukunja shingo, na madirisha ni ya kioo cha kupandisha na kushusha. Kwa gari la michezo la bei nafuu la wakati ule, hayo yalikuwa makubwa.

Umbo lilichorwa na Don Hayter chini ya mhandisi mkuu Syd Enever, na meneja wa kiwanda alikuwa John Thornley. Injini ni ile iitwayo B-series, silinda 4, sisi 1798, kabureta mbili za SU, nguvu za farasi 95. Ndugu zake wadogo walikuwa ndani ya Morris Oxford na Austin Cambridge, magari ambayo wazee wa Nairobi na Dar es Salaam wanayakumbuka vizuri, mengine yakiwa teksi. Wapo wanaolitaja hilo kwa kuidharau MGB. Mimi naliona ndilo lililoiokoa. Injini ya teksi haisumbui, na fundi yeyote anaijua.

Ina kasi?

Kwa leo, hapana. Hufika kama kilomita 165 kwa saa, na kutoka kusimama hadi 100 inachukua sekunde 12 au 13. Jaguar E-Type, iliyotoka mwaka mmoja kabla yake, ingeiacha mbali sana, lakini ilikuwa gari la mfuko mwingine.

Raha ya MGB iko kwenye mwendo wa kilomita 80, barabara nyembamba ya mashambani yenye kona. Umekaa chini karibu na lami, usukani hauna msaada wa hidroliki, kwa hiyo kila kokoto unaisikia mkononi. Fimbo ya gia ni fupi na iko pale mkono unapodondoka. Tahadhari moja: hadi mwishoni mwa 1967 gia ya kwanza haikuwa na sinkro (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ziingie laini), kwa hiyo usiitie gari likiwa bado linatembea, litakupigia kelele.

Iliwahi kufanya la maana kwenye mashindano?

Ndiyo, tena mbali kuliko umbo lake linavyoonyesha. Mwaka 1964 ilishinda kundi la magari ya GT kwenye Monte Carlo Rally. Mwaka 1966 ilishinda Marathon de la Route, saa 84 mfululizo kwenye mzunguko wa Nürburgring, Ujerumani.

Lakini ninayoipenda ni ya Le Mans 1963. Madereva walikuwa Paddy Hopkirk na Alan Hutcheson. Mwanzoni kabisa mwa mashindano ya saa 24, Hutcheson aliteleza akaizamisha kwenye mchanga. Aliyewahi kuangalia Safari Rally anajua gari likikwama matopeni kule Taita watu hutoka vichakani wakalisukuma. Le Mans hairuhusiwi. Dereva huchimba mwenyewe, na mtu mwingine akiligusa gari amemtoa mashindanoni. Hutcheson alichimba kwa karibu saa moja na nusu. Wakarudi barabarani, wakaendesha usiku kucha, wakamaliza wa 12 kwa jumla na wa kwanza kwenye kundi lao.

GT, MGC na V8 zinatofautianaje?

GT ilitoka 1965. Ni MGB yenye paa la chuma na mlango wa nyuma unaofunguka juu, na Pininfarina wa Italia walishiriki kuchora paa hilo. Ni nzito zaidi kidogo, ila imara, na mvua ya huku haikunyeshei. Ndiyo niliyochagua.

MGC (1967 hadi 1969) ilipewa injini ya silinda 6 ya sisi 2912. Injini ilikuwa nzito, pua ikazama, na waandishi wa magari wakaipondaponda. Zilitengenezwa kama 9,000 tu, na mmoja wa walionunua alikuwa Charles, mfalme wa sasa wa Uingereza. V8 ya 1973 hadi 1976 ilitumia injini ya Rover ya sisi 3528, ya aluminiamu, nyepesi na yenye nguvu. Zilitoka 2,591 tu. Kwa maoni yangu ndiyo MGB bora iliyowahi kutengenezwa, na ilikuja wakati mafuta yamepanda bei dunia nzima.

Kwa nini nyingine zina bampa kubwa nyeusi za mpira?

Sheria za Marekani. Zaidi ya nusu ya MGB zote ziliuzwa Amerika Kaskazini, na kule serikali ilitaka bampa zinazostahimili kugongwa polepole na taa zilizo juu kiasi fulani kutoka ardhini. Abingdon hawakupewa fedha za kubuni gari jipya. Basi mwishoni mwa 1974 wakafunga bampa za mpira na kuliinua gari lote kama sentimita 4. Likawa linalala kwenye kona kama dau lililoelemewa upande. Zilizotengenezwa kuanzia 1976 zilipewa vyuma vya kuzuia kulala, zikapata nafuu.

Hizo ndizo za bei ya chini sokoni. Usizidharau. Gari la bampa nyeusi lisilo na kutu ni bora kuliko la bampa za kung'aa lililooza.

Kiwanda kilifungwaje, na gari lilikuwa bado linanunuliwa?

Mwaka 1968 BMC iliunganishwa na kampuni ya Leyland, ikazaliwa British Leyland. Humo ndani MG ikajikuta nyumba moja na Triumph, mshindani wake wa siku zote, na waliokamata mfuko walitoka upande wa Leyland. Fedha za gari jipya la michezo zikaenda kwa Triumph TR7. MGB ikaachwa iendelee hivyohivyo na vyuma vya mwaka 1962, mwaka baada ya mwaka. Watu wa Abingdon walijua wanachotaka kutengeneza. Hawakuruhusiwa.

Kisha pauni ikapanda thamani dhidi ya dola. British Leyland ikadai inapoteza pauni 900 kwa kila MG inayouzwa Marekani. Hesabu hiyo inabishaniwa hadi leo, na mimi niko upande wa wanaoitilia shaka. Kampuni ilikuwa na matundu makubwa zaidi kuliko Abingdon, mji mdogo ambao kiwanda chake kilisifika kwa maelewano kati ya wafanyakazi na wakubwa, wakati kwingineko migomo ilikuwa haikatiki.

Septemba 1979 mji ulisherehekea miaka 50 ya MG Abingdon. Kulikuwa na bendi, magari ya zamani barabarani, familia nzima nzima. Jumatatu, tarehe 10, mara tu baada ya sherehe, ikatangazwa kwamba kiwanda kitafungwa. Huku wanaiita Jumatatu Nyeusi. Wapenzi wa MG waliandamana London mwezi huohuo, na kundi lililoongozwa na Alan Curtis wa Aston Martin lilijaribu kukinunua kiwanda, likashindwa kupata fedha. Oktoba 1980 gari la mwisho likatoka. MGB zilikuwa zimepita laki tano.

Siku moja nilimkuta mzee mmoja amesimama karibu na gari langu pale Abingdon, ameweka kiganja juu ya boneti. Hakuuliza bei wala mwaka. Aliniambia yeye alikuwa akifunga milango, na akanionyesha kwa kidole ule mwanya kati ya mlango na bodi, ulio sawa kutoka juu hadi chini. "Huu tuliupima kwa jicho," akasema.

MG za leo, zinazotoka China, ni zilezile?

Jina ni lilelile. MG Rover ilifilisika Aprili 2005, mali zake zikanunuliwa na Nanjing Automobile, ambayo baadaye iliingia ndani ya SAIC ya Shanghai. Wanatengeneza magari ya familia na ya umeme, na wana gari la michezo la viti viwili la umeme liitwalo Cyberster. Ni magari halali ya zama zao. Ila usitegemee kipande chochote chake kiingie kwenye MGB.

Nikitaka kununua, nikague nini?

Kutu kwanza, kutu ya pili, injini baadaye. Injini ya MGB hutengenezeka mwishoni mwa wiki na fedha zake si nyingi. Bodi iliyooza hula akiba ya miaka.

Adui mkubwa anakaa chini ya milango, kwenye ile mihimili inayotoka tairi la mbele hadi la nyuma. Kila muhimili umejengwa kwa matabaka matatu ya bati, na kwenye MGB isiyo na paa ndiyo inayolishika gari lisikunjike katikati. Angalia mwanya wa mlango. Kama juu ni mwembamba na chini umepanuka, gari limeanza kujikunja. Fungua mlango, uinue kidogo: ukicheza, chunguza bawaba na bati lake. Kisha chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa, ipitishe taratibu chini ya mlango na nyuma ya matairi ya mbele. Pale isiponata si bati, ni lile tope la kuzibia mashimo lililopakwa rangi juu.

Nalijua hili kwa kuumia. Gari langu la kwanza nililinunua jioni, kwa mtu mkarimu aliyenipa chai. Lilimetameta. Miezi miwili baadaye fundi alichomeka bisibisi chini ya mlango wa kushoto, ikaingia hadi kwenye mpini, na alipoitoa likamwagika vumbi jekundu na vipande vya gazeti lililokunjwakunjwa. Gazeti ndilo lililokuwa limejaza tundu.

Mengine ya kuangalia. Injini ikipata moto, mshale wa presha ya oili ukae kati ya 50 na 80 ukiwa mwendoni, na usishuke chini ya 10 gari likiunguruma limesimama. Shokomzoba ni za zamani, za mkono, zenye oili ndani, kwa hiyo tafuta zinazovuja. Kingipini za mbele (nguzo ambazo matairi hugeukia) zinataka grisi, na nyingi zimesahauliwa: inua tairi, lishike juu na chini, litikise. Kama rimu ni za spoki, inua gari, mtu akanyage breki, nawe ujaribu kulizungusha tairi. Ukisikia "tok", meno ya kitovu yameliwa.

Kabla ya kufunga redio au chaja ya simu, uliza kuhusu betri. Hadi mwishoni mwa 1967, waya chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Ukikosea unaunguza kifaa chako. Na betri hutazioni kwenye boneti. Ziko nyuma ya viti, mbili za volti 6, hadi mwishoni mwa 1974 zilipobadilishwa kuwa moja ya volti 12.

Namba ya chasisi inasomwaje?

Ikianza na GHN, G ni MG, H ni ukubwa wa injini na N ni gari la wazi. Ikiwa GHD, ni GT. Tarakimu inayofuata ni toleo. L ina maana usukani wa kushoto, na U ina maana ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani. Hapo utamjua muuzaji anayekuambia gari halijawahi kutoka Uingereza.

Spea zinapatikana?

Kuliko za magari mengi ya miaka 15 iliyopita. Mwaka 1988 British Motor Heritage walifufua mashine za zamani za kukandia bati wakaanza kutengeneza bodi nzima mpya za MGB. Kuanzia kibonyezo cha taa hadi bodi yenyewe, vingi unaagiza na kuletewa. Uwe mwangalifu na vya mpira vya bei rahisi. Vingine havimalizi mwaka.

Inakunywa petroli gani?

Injini iliundwa wakati petroli ina risasi. Uingereza iliiondoa sokoni mwaka 2000, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Kichwa cha injini kikiwa bado cha asili, ama ufunge viti vigumu vya vali (pete ambazo vali hukalia zikifunga) ama utie dawa kwenye tangi. Petroli yenye ethanoli nyingi hulainisha mipira ya zamani, kwa hiyo badilisha mipira yote ya mafuta na usingoje ivuje juu ya bomba la moshi.

Kodi na ukaguzi wa Uingereza je?

Gari likipita miaka 40, halilipiwi kodi ya barabara na, kama halijabadilishwa sana, halilazimiki kwenda kwenye ukaguzi wa mwaka. MGB zote zimepita umri huo. Mimi bado napeleka. Breki zangu nataka macho mawili zaidi yaziangalie.

Afrika Mashariki itafaa?

Usukani wa kulia na kuendesha upande wa kushoto vinalingana kabisa na kwetu Kenya, Tanzania na Uganda. Joto inaliweza kama rejeta ni safi. Matuta ndiyo shida, maana tumbo lake liko chini. Ukitaka kuona namna wenye magari ya zamani wanavyoyatunza kule, nenda Concours d'Elegance ya Nairobi, maonyesho ya magari kwenye uwanja wa farasi wa Ngong. Waulize mafundi wao, wanajua mengi.

Imegoma kuwaka. Nianzie wapi?

Anza kwa kusikiliza. Zungusha ufunguo hadi hatua ya kabla tu ya kupiga stata, zima redio, nyamaza. Nyuma yako upande wa kulia, chini ya sakafu, kuna pampu ya petroli ya SU. Inapaswa kugonga haraka haraka, tik-tik-tik-tik, kisha ipunguze, tik… tik… halafu inyamaze. Maana yake kabureta zimejaa, na tatizo liko kwenye umeme wa plagi. Ikigonga bila kukoma, tangi ni tupu au kuna mahali panavuja, kwa hiyo zima upesi na uchungulie chini.

Isipogonga kabisa, huenda pointi zake ndani (vigusio vya umeme) zimeshikana. Pitisha mkono chini mbele ya ekseli ya nyuma, uigonge taratibu kwa mpini wa bisibisi, mara moja au mbili, ufunguo ukiwa bado umewashwa. Mara nyingi itaanza hapohapo. Vuta choki, msalimie aliyekuja kuangalia, uwashe.